Bunju: samaki mwenye madoa asiyeliwa

Kutoka Segera hadi baharini Tanga ni kama kilomita 70. Samaki anayeletwa bara mara nyingi hufika amekwisha kukaangwa au kukaushwa. Ukiwa Handeni au Korogwe ukanunua kipande kisicho na kichwa wala ngozi, huwezi kujua alikuwa samaki gani. Hapo ndipo bunju anapokuwa hatari.

Bunju wako wa aina nyingi. Mmoja wa wadogo, ambaye wataalamu humwita Canthigaster solandri, anaishi kwenye matumbawe ya pwani yetu. Urefu wake hauzidi sana sentimita 11. Mdomo umechongoka, mwili wa kahawia umejaa vidoa vya buluu, mkia ni wa rangi ya chungwa. Akitishwa humeza maji akavimba kama mpira. Ni mzuri kweli, hata ng'ambo watu humfuga kwenye matangi ya vioo.

Sumu ya bunju huitwa tetrodotoksini, na chanzo chake ni bakteria. Hukaa zaidi kwenye ini, mayai, utumbo na ngozi. Moto hauiondoi, wala chumvi, jua au ndimu. Mwaka 1774 nahodha Mwingereza James Cook alionja tu ini na mayai ya samaki wa jamii hii huko Kaledonia Mpya, akafa ganzi mikono na miguu. Alipona.

Dalili huanza ndani ya dakika chache hadi saa kadhaa: ganzi ya midomo na ulimi, kizunguzungu, kutapika, kisha viungo kulegea na pumzi kukata. Mgonjwa anaweza kuwa anasikia kila neno lakini hawezi hata kufumbua macho, kwa hiyo msiharakishe kusema amekufa. Dawa ya kuiua sumu hii haipo. Maziwa na maji ya dafu hayasaidii. Kinachookoa ni kusaidiwa kupumua, basi mpelekeni hospitali mara moja, iwe Magunga pale Korogwe au Bombo mjini Tanga. Pumzi ikikata njiani, mpulizieni hewa mdomoni bila kuacha. Akivuka saa 24, kwa kawaida hupona.

Sokoni, mwombe muuzaji akuoneshe samaki mzima. Bunju hana magamba ya kawaida, na meno yake manne yameungana kama mdomo wa kasuku.