Mbio za farasi: kiwanja kinaweza kuleta haki ao kuiharibu

Kamina ni muji wa reli, mpira na baiskeli, haiko muji wa farasi. Lakini shida kubwa ya mbio za farasi inajulikana na kila mutoto aliyekimbia kuzunguka kiwanja cha masomo: kwenye kona, yule wa inje anakimbia njia ndefu kupita yule wa ndani.

Hesabu yake ni nyepesi. Kona mbili za kiwanja, ukiziunga, zinafanya duara moja. Kila metre moja farasi anayokuwa mbali na uzio wa ndani inamuongezea metre 6,28 katika muzunguko muzima. Akikaa metre tatu inje, anakimbia karibu metre 19 za bure. Na mara nyingi mushindi anapita mwenzake kwa shingo tu.

Kwa watu, shida hii ilimalizwa kwa mistari. Katika mbio za metre 400, kila mumoja ana njia yake ya metre 1,22, na yule wa njia ya pili anaanzia metre 7,04 mbele. Farasi hawafungiwi ndani ya mistari. Wote wanasukumana kuelekea ndani. Kwa hiyo nafasi za kuanzia zinapigiwa kura. Kura inagawa bahati, lakini kona inabaki palepale.

Kuna pia dawa ya uzito. Farasi mwenye nguvu anabebeshwa kilo nyingi, desturi inayojulikana hata Nairobi, kwenye kiwanja cha Ngong kilichofunguliwa 1954. Uzito unasawazisha farasi, hausawazishi udongo.

Uingereza inaonyesha tofauti. Huko Chester, muzunguko ni mufupi, karibu kilometre 1,7, na kona zinafuatana. Katika mbio fupi, farasi aliyepewa nafasi ya inje anaanza na deni. Huko Newmarket, mbio za maili moja kwenye Rowley Mile zinakimbiwa kwa njia ya kunyooka. Hapo hakuna kona ya kumuonea yeyote.

Kama kona haiwezi kuondolewa, wajenzi wanafanya hivi:

- Wanaweka mwanzo mbali na kona ya kwanza, ili farasi wa inje apate nafasi ya kuingia ndani polepole.
- Wanapanua kona na kuinua upande wake wa inje, ili farasi asitupwe pembeni.
- Wanachimba mifereji, juu maji yakisimama upande mumoja, wanaopita pale wanachelewa.
- Wanahamisha uzio wa ndani, ili majani yaliyokanyagwa yapumuzike.

Kwa masomo ya Kamina, kamba na chokaa vinatosha. Chora njia za upana wa metre moja. Kwa muzunguko mumoja, kila njia ya inje ianzie metre 6,28 mbele ya ile ya ndani. Kwa kona moja, metre 3,14. Kiwanja kiwe kidogo ao kikubwa, hesabu haigeuki. Kila mutoto akae katika njia yake mupaka mwisho, na atakayeshinda atakuwa ameshinda kwa miguu yake.