Flamingo, klabu ya kisiwani Idlewild

Mwaka 1912, Mmarekani Mweusi mwenye pesa yake halali mfukoni aliweza kusafiri siku nzima asipate hoteli ya kumlaza wala ufukwe wa kuogelea. Mwaka huohuo wafanyabiashara wazungu walianza kukata viwanja kwenye misitu ya Lake County, jimboni Michigan, wakawauzia weusi. Kiwanja cha futi 25 kwa 100 kilikuwa dola 35, tena kwa kulipa kidogo kidogo. Wateja wakamiminika kutoka Chicago na Detroit. Mahali pakaitwa Idlewild.

Daktari Daniel Hale Williams, aliyempasua kifua majeruhi wa kisu huko Chicago mwaka 1893 na kumwokoa, alijenga hapa na kufia hapa mwaka 1931. Kisiwa kidogo katika ziwa la hapo kina jina lake. Kisiwani humo, mwaka 1955, Phil Giles alijenga Flamingo.

Mshindani wake, Arthur Braggs, alikuwa na klabu ya Paradise, na ushindani huo uliwafaidi wapenda muziki. Alikuja Della Reese, akaja Jackie Wilson. Waimbaji wa kundi la Four Tops walinolewa katika maonyesho ya Braggs miaka mingi kabla majina yao hayajavuma. Kiangazi kikikolea, watu walifikia 25,000. Fundi wa kiwandani aliketi jirani na daktari, kila mmoja na mkewe, wote wamependeza, na mlangoni hakuna aliyewauliza wamefuata nini. Hilo la mwisho, kwangu, ndilo lililokuwa na thamani kuliko hata muziki.

Kisha ikaja Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Ilikuwa haki iliyochelewa mno, wala siijutii hata chembe. Ila hoteli za mijini zilipolazimika kuwafungulia weusi milango, wageni walikwenda huko, na wanamuziki wakafuata malipo ambayo kijiji cha msituni hakikuyamudu. Flamingo ikanyamaza.

Waliobaki, wengi wao wastaafu, hawakuondoka. Idlewild iliingizwa katika orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria mwaka 1979, na Flamingo ikawa mali ya serikali ya mtaa wa Yates, inayohangaikia kuikarabati iwe ya wakazi wote. Kisiwani kwenyewe watu hawakungoja ukarabati. Kiangazi koo hukutana hapo, muziki ukipigwa nje, mchana kweupe, bibi akiwaonyesha wajukuu pale alipokuwa akicheza.