Mchezo Usiochezwa: Msimu wa 1958 wa Chuo Kikuu cha Buffalo, na Tawi Letu Lililosahauliwa



Desturi ya ukurasa huu ni kushughulika na majina: nani alimzaa nani, nani alivuka kwa jahazi kutoka Hadhramaut, nani alioa Kibokoni na nani alizikwa mbali na kwao. Leo naomba ruhusa yenu niwasimulie habari za timu ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyepata kuichezea. Nasaba yetu imo ndani ya habari hiyo, na nitaifikia.

Cheektowaga, tunakoishi, ni mji ulioungana na Buffalo upande wa mashariki. Wageni wetu huujua kwa sababu ya uwanja wa ndege, kwani ndege zote za Buffalo hutua hapa kwetu. Msimu wa vuli ukiingia, Jumamosi huwa ni siku ya futiboli ya vyuo. Mchezo huo Wamarekani huuita futiboli, ingawa mpira wake, ulio mfano wa yai, hushikwa mikononi zaidi kuliko unavyopigwa teke. Vijana wetu wa Columbus hujivunia Ohio State, timu yenye jina kubwa nchi nzima. Chuo Kikuu cha Buffalo hakina mataji ya kulinganisha na hayo. Lakini kina msimu mmoja ambao kwangu mimi unapita mataji.

Mwaka 1958 chuo hicho kilikuwa bado cha binafsi, na timu yake, ikiitwa Bulls, ilifundishwa na Dick Offenhamer. Msimu ule iliishinda Harvard kwa 6 kwa 3, na hadi mwisho ilikuwa imeshinda michezo 8 na kupoteza mmoja tu. Ikatunukiwa Kombe la Lambert, tuzo ya timu bora miongoni mwa vyuo vidogo vya mashariki ya Marekani. Kisha ukaja mwaliko ambao chuo hakikuwahi kuupata tangu kianze kucheza: kwenda Orlando, Florida, kushiriki Tangerine Bowl, mmoja wa ile michezo ya heshima inayoandaliwa mwisho wa msimu kwa timu zilizofanya vizuri.

Mwaliko ulikuja na sharti. Uwanja wa Orlando ulikuwa mikononi mwa chama cha michezo cha shule za sekondari za mji huo, na kanuni za chama hicho zilikataza weusi na weupe kucheza pamoja. Bulls walikuwa na wachezaji wawili weusi. Mmoja ni Willie Evans, mkimbizaji mpira aliyekuwa miongoni mwa nguzo za timu. Wa pili ni Mike Wilson, mchezaji wa akiba. Timu ingekaribishwa Florida iwapo wawili hao wasingecheza.

Uamuzi ulirudishwa kwa wachezaji wenyewe. Walikuwa vijana wa umri wa miaka ishirini hivi, wengi wao wana wa wafanyakazi, na kwa wengi Florida ilikuwa nchi ya kwenye picha. Wangeweza kujitetea kwamba sharti hawakulitunga wao. Wangeweza kusema kwamba Wilson ni wa akiba, na kwamba Evans mwenyewe angewaelewa. Hawakusema hivyo. Wote kwa pamoja walikataa kwenda.

Gharama ya uamuzi ule ilikuwa kubwa. Hakuna uwanja mwingine ulioitwa badala ya Orlando, na msimu ukaishia hapo. Baada ya msimu wa 1970 chuo kiliacha kabisa kucheza futiboli, kikarejea mwaka 1977. Wale vijana walizeeka bila chuo chao kupata tena mwaliko wa namna ile.

Sasa nirudi kwetu.

Mwaka 1910 serikali ya Kiingereza ilipitisha sheria ya kodi ya nyumba na ya kichwa kwa wale iliowaita wenyeji. Waarabu wa pwani hawakuhesabiwa kuwa wenyeji, kwa hiyo kodi ile haikuwahusu. Thenashara Taifa wa Mombasa, yaani Tisa Taifa na Thelatha Taifa, waliwekwa upande wa wenyeji, ingawa kwa karne nyingi walikuwa wameoana na Waarabu, wakasali nao msikiti mmoja na kuzikana nao. Walipinga, wakaandika, wakalalamika.

Babu yetu mkubwa alikuwa Mwarabu kwa upande wa baba. Mkewe alikuwa binti wa Thenashara Taifa. Hivyo basi, mbele ya karani wa serikali, nyumba moja ikagawanyika: yeye hakudaiwa kitu, na mashemeji zake, wajomba wa watoto wake, wakadaiwa kodi. Masimulizi tuliyoyapokea kwa bibi ni kwamba babu hakusema neno. Hakumdhulumu mtu. Alikubali nafasi aliyopewa, akanyamaza. Wajomba nao wakapunguza kuja, kisha wakaacha kabisa.

Mizani hapa inataka uangalifu. Wale vijana wa Buffalo waliulizwa swali moja, siku moja, wote wakiwa pamoja. Babu hakuulizwa. Sharti lake lilikuja kidogo kidogo: leo kodi, kesho daftari la wapiga kura, keshokutwa viti vya baraza. Mtu akigawanywa kwa vipande vidogo hivyo, ni vigumu kujua ni lini hasa alipaswa kusema hapana. Hata hivyo siwezi kuyageuza hayo yakawa udhuru. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Sisi tulitazama mwenzetu akinyolewa, tukashukuru kwamba wembe haukutufikia.

Ushahidi tunao wenyewe. Ule mti wa nasaba ambao kila nyumba yetu ina nakala yake, ulioandikwa kwa hati nzuri ya Kiarabu, unashuka kutoka Hadhramaut hadi kwa wajukuu wetu waliozaliwa Louisville. Wajomba hawamo. Jina la babu wa upande wa mke halimo. Hata mke mwenyewe ameandikwa «mama wa watoto», basi. Nilipokuwa mdogo nilidhani hiyo ndiyo desturi ya miti yote. Leo naona ni kanuni ya karani, iliyoingia ndani ya nyumba ikakaa.

Mwaka 2008 Bulls, wakifundishwa na Turner Gill, kocha mweusi, waliishinda Ball State 42 kwa 24 mjini Detroit na kutwaa ubingwa wa ligi yao. Wakaalikwa International Bowl, Toronto, tarehe 3 Januari 2009, na wachezaji wa 1958 waliokuwa hai wakakaribishwa kuwa wageni wa heshima. Buffalo walishindwa na Connecticut, 38 kwa 20. Ushindi wao wa kwanza katika michezo hiyo ya heshima ulikuja Desemba 2019, Bahamas. Lakini ukiwauliza watu wa hapa kuhusu historia ya timu yao, wengi huanza na safari ambayo haikufanywa.

Nimeanza kuuandika upya mti wetu. Tawi la mama wa watoto nimeliacha wazi, upana uleule wa tawi la baba. Ninalo jina lake, na majina ya kaka zake wawili. Sina ya wazazi wao wala ya watoto wao. Kama kuna msomaji wa Kibokoni au Kuze ambaye kwao walikuwa wakisimulia juu ya shemeji Mwarabu aliyenyamaza, namwomba aniandikie. Hatutakuwa tunamkaribisha kwetu. Nyumba ni yake pia, na sisi ndio tuliochelewa kumwita.