Roosevelt: Chuo Kikuu Kidogo cha Chicago Kilichokataa Kuwahesabu Wanafunzi kwa Rangi

Chuo Kikuu cha Roosevelt ni chuo kidogo cha binafsi kilichoko katikati ya jiji la Chicago, nchini Marekani. Kilianzishwa mwaka 1945. Chicago ina vyuo vikubwa na tajiri vinavyojulikana dunia nzima, na kando yao Roosevelt hakisikiki sana huku kwetu. Hata hivyo, historia yake inafaa kujulikana Pwani, kwa sababu inaonyesha mambo mawili yanayomhusu kila mzazi: nani anaruhusiwa kuingia chuoni, na nani anamlipia akishaingia.

Chimbuko lake

Katika miaka hiyo, vyuo kadhaa vya Marekani vilikuwa na mgao wa nafasi usiotangazwa. Wayahudi hawakutakiwa kuzidi idadi fulani, na watu weusi walikuwa wachache sana au hawakupokelewa kabisa. Edward Sparling alikuwa mkuu wa chuo kimoja cha Chicago kilichoitwa Central YMCA College. Bodi ya chuo hicho ilimtaka atoe takwimu za wanafunzi wake kwa mujibu wa asili zao. Sparling alihofia kwamba takwimu zikishatolewa zingetumiwa kuweka mgao, naye akakataa na kujiuzulu.

Hakuondoka peke yake. Walimu walipiga kura kumfuata, 62 kwa 1. Wanafunzi nao walipiga yao, 488 kwa 2. Mwezi wa Aprili 1945 chuo kipya kikasajiliwa kwa jina la Thomas Jefferson, mmoja wa marais wa mwanzo wa Marekani. Mwezi huohuo Rais Franklin Roosevelt alikuwa amefariki, na punde chuo kikabadilishwa jina kwa heshima yake, kwa idhini ya mjane wake, Eleanor. Mama huyo ndiye aliyekizindua rasmi Novemba mwaka huo. Hadhi ya chuo kikuu ilikuja mwaka 1954.

Msomaji wa Pwani hahitaji kuelezwa sana uzito wa jambo hili. Wakati huohuo, Kenya ilikuwa chini ya serikali ya kikoloni iliyotenganisha shule: za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waarabu mbali, na za Waafrika mbali. Hapa Mombasa familia za mtaa mmoja ziligawanywa na karatasi ya serikali, na karatasi hiyo ndiyo iliyoamua mtoto asome wapi na afike wapi.

Jengo lake

Roosevelt kilianza bila maktaba, bila majengo yake na bila akiba. Misaada ya mwanzo ilitoka kwa wahisani, miongoni mwao tajiri Marshall Field III na mfuko wa Julius Rosenwald. Mwaka 1947 kikahamia katika jengo la Auditorium, kwenye barabara ya Michigan, mkabala na bustani ya Grant. Jengo hilo la mawe lilikamilika mwaka 1889 na lilibuniwa na Dankmar Adler na Louis Sullivan. Ndani yake mlikuwa na hoteli, ofisi na ukumbi wa maonyesho unaochukua karibu watu 4,000. Vyumba vya hoteli vikageuzwa madarasa. Ukumbi ulikaa umefungwa kwa miaka mingi hadi ulipokarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 1967.

Waliopitia hapo

Wanafunzi wengi wa mwanzo walikuwa askari waliotoka Vita vya Pili vya Dunia, ambao serikali yao iliwalipia karo kwa sheria ya mwaka 1944. Mmoja wao ni Harold Washington, kijana mweusi wa Chicago aliyeongoza baraza la wanafunzi na kuhitimu mwaka 1949. Mwaka 1983 alichaguliwa meya wa kwanza mweusi wa jiji hilo, na alifariki akiwa madarakani mwaka 1987.

Kwa upande wa walimu, jina lililoungana na Afrika ni St. Clair Drake. Alifundisha Roosevelt kuanzia mwaka 1946 hadi 1968, wakati ambapo profesa mweusi katika chuo cha watu wa rangi zote lilikuwa jambo la nadra Marekani. Drake alikuwa miongoni mwa wasomi waliotetea umoja wa watu weusi duniani, na kati ya 1958 na 1961 aliongoza idara ya sosholojia katika Chuo Kikuu cha Ghana.

Tatizo la pesa

Watu wengi huku hudhani chuo cha binafsi ni biashara ya mtu. Roosevelt si hivyo. Ni chuo kisichogawa faida kwa mwenye hisa yeyote, na kinaendeshwa na bodi ya wadhamini. Vyuo vikubwa vya aina hii Marekani vina mali iliyowekwa kando ili mapato yake yaendeshe chuo, mfano wa wakfu tunaoujua sisi. Roosevelt kilizaliwa bila wakfu mkubwa, na kwa hivyo kimetegemea sana karo za wanafunzi.

Utegemezi huo umekiandama. Mwaka 2012 kilifungua jengo jipya la ghorofa 32, lenye madarasa na mabweni, lililojengwa kwa mkopo. Katika mwongo huohuo idadi ya wanafunzi ikapungua, huku deni likisubiri kulipwa. Mwaka 2020 kilikichukua chuo kingine cha Chicago, Robert Morris, wanafunzi wake wakahamia Roosevelt. Nia njema ni tabibu, wasema wahenga, lakini tabibu naye hulipwa.

La kuzingatia

Kijana wa Pwani anayefikiria chuo kama hiki, kiwe Chicago, Nairobi au kwingineko, aulize maswali matatu kabla ya kutuma maombi. Kwanza, nani anakitambua chuo? Roosevelt kinatambuliwa na Higher Learning Commission, moja ya taasisi kuu zinazokagua vyuo vya Marekani. Pili, karo italipwa na nani hadi mwaka wa mwisho? Misaada ya karo ya serikali ya Marekani kwa kawaida haimfikii mwanafunzi anayetoka nje kwa viza ya masomo. Tatu, je, chuo chenyewe kina mfuko wa kuwasaidia wasiojiweza, na unalipa kiasi gani?

Swali la mwisho linatugusa na sisi. Pwani ina desturi ya karne nyingi ya kuweka wakfu nyumba, mashamba na visima. Misikiti yetu mingi imesimama kwa njia hiyo. Wenye uwezo wanaoweka nyumba wakfu kwa ajili ya msikiti wanaweza pia kuweka moja kwa ajili ya karo. Sparling na wenzake waliufungua mlango kwa ujasiri, lakini wanafunzi waliokuja baadaye, bila sheria ya askari wala wakfu wa kutosha, wamelazimika kuulipia wenyewe.