Malungu ya Ufipa: Tanuri za Chuma Zilizovuta Hewa Zenyewe

Malungu ni tanuri ndefu za udongo ambazo wahunzi wa Kifipa walizitumia kuyeyushia mawe ya chuma katika Ufipa, nyanda za juu zilizo kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa. Tanuri moja huitwa ilungu. Mabaki yake yamo katika wilaya za Nkasi na Sumbawanga, na baadhi yamesimama hadi leo. Tanuri nyingi za Afrika Mashariki zilikuwa fupi na zilipulizwa kwa mivukuto. Ilungu halikuhitaji mivukuto. Kimo chake, ambacho mara nyingi kilikaribia mita 3, kiliifanya tanuri nzima kuwa dohani.

Kazi ya dohani inatokana na tabia ya hewa. Hewa ikipata moto hupanuka, huwa nyepesi na hupanda. Inapotokea juu, hewa baridi huingia kwa chini kushika nafasi yake. Dohani ikiwa ndefu na moto ukiwa mkali, mvuto huongezeka. Katika nyumba, mvuto huo hutoa moshi nje. Katika ilungu ulifanya kazi kubwa zaidi: uliupatia mkaa hewa mfululizo, usiku na mchana, bila mtu kuchoka kwa kuvukuta.

Ujenzi ulianza na kuchagua udongo. Ulihitajika udongo wa mfinyanzi unaostahimili moto, na vichuguu vilikuwa chanzo chake kizuri. Ukuta ulijengwa kwa kuzunguka, ukipungua upana kuelekea juu. Chini yaliachwa matundu ya kupachika mirija ya udongo iliyopitisha hewa, pamoja na mlango wa kutolea chuma, uliozibwa wakati wa kuyeyusha. Mkaa na mawe vilimiminwa kupitia mdomo wa juu.

Uzima wa ukuta ndio uliokuwa roho ya kazi. Ufa mmoja huingiza hewa mahali pasipotakiwa na kuupunguza mvuto, nao moto hula udongo wa ndani kila tanuri inapowashwa. Tanuri iliyotumiwa tena ilipaswa kusafishwa mabaki yaliyoganda, kuzibwa nyufa na kukandikwa upya. Mafundi wa dohani za majumbani hufanya vivyo hivyo wanapokwangua masizi na kuweka bitana mpya ndani ya njia ya moshi.

Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi joto 1,538 za Selsiasi, joto ambalo tanuri hizi hazikulifikia. Halikuhitajika. Gesi itokayo kwenye mkaa iliondoa oksijeni kutoka kwenye mawe, na takataka zikayeyuka kwenye nyuzi joto 1,200 hivi na kuwa mavi ya chuma. Baada ya siku kadhaa lilibaki bonge la chuma lililochanganyika na mkaa na mavi. Bonge hilo lilipelekwa kwenye tanuri ndogo iitwayo kintengwe, iliyopulizwa kwa mivukuto, likasafishwa kabla ya kufuliwa majembe, mashoka na mikuki. Hatua hizi mbili za kuyeyusha ndizo zilizoupa uhunzi wa Ufipa sifa yake ya pekee.

Utaalamu huo uliambatana na mwiko na dawa. Fundi mkuu alikuwa na kapu la dawa, intangala, lililorithiwa kizazi hadi kizazi. Tanuri ilihesabiwa kuwa bibi harusi, na wayeyushaji walijiepusha na tendo la ndoa muda wote wa kazi.

Chuma kilihusiana pia na utawala. Masimulizi ya Wafipa huuunganisha uhunzi na Milansi, makao ya ukoo uliotawala kabla ya watawala wa nasaba ya Kitwa na falme za Nkansi na Lyangalile. Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyefanya utafiti Nkasi katika miaka ya 1990, alionyesha kuwa malungu yalitanguliwa na aina nyingine ya tanuri, katukutu, ambayo ilikuwa fupi. Ufundi wa chuma Ufipa basi ulibadilika kwa karne nyingi, wala haukuwa urithi uliosimama palepale.

Wamisionari wa White Fathers walifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Askofu wao, Lechaptois, aliandika habari za Wafipa katika kitabu kilichotoka mwaka 1913. Wakati huo majembe kutoka Ulaya yalikuwa yakiingia sokoni, na mafundisho ya dini mpya yalipinga dawa za kapuni. Kuyeyusha mawe kulififia na kukoma katika karne ya 20. Waliobaki ni wafua chuma, wanaotumia vyuma chakavu.

Leo hatari iko kwenye tanuri zenyewe, kwani mvua, mizizi na kilimo huziangusha. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863, ilhali baadhi ya malungu yalitumika baada ya hapo. Hayo yanahitaji kutangazwa rasmi kuwa urithi. Yanastahili hadhi hiyo, kwa kuwa ni ushahidi unaoonekana wa watu waliozielewa tabia za moto, hewa na udongo na kuzitumia kujitengenezea zana zao.