Judo Katika Ufaransa

Mwaka wa 1935 Mikinosuke Kawaishi, Mjapani aliyekuwa amekwisha fundisha judo Uingereza, alifika Paris. Mchezo huo ulitungwa na Jigoro Kano mjini Tokyo katika mwaka wa 1882, na kila namna ya kumwangusha mtu ilikuwa na jina la Kijapani. Wanafunzi wa Paris hawakuijua lugha hiyo. Basi Kawaishi aliyaacha majina akatumia hesabu: mwangusho wa mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Tena aliwafunga mikanda ya rangi, tangu mweupe hata kahawia, kabla ya kuufikia mweusi. Yamkini mtu atacheka kusikia kwamba kitambaa cha rangi chaweza kumtoa mtu mzima jasho miezi mingi, lakini kiliwatoa. Maurice Cottreau, Mfaransa wa kwanza, aliupata mkanda mweusi mwaka wa 1939.

Ubishi ulizuka baada ya vita. Mwaka wa 1951 Ichiro Abe alifika Toulouse akafundisha kwa desturi ya Kodokan, shule ya Kano mwenyewe. Waliomwona walitambua kuwa hesabu ziliwapa maumbo ya mchezo, zikawanyima mwendo wake. Wanajudo wakagawanyika, wengine kwa Kawaishi, wengine kwa Kodokan. Hatimaye majina ya Kijapani yalirudi, na hesabu zikafifia. Mikanda haikuguswa, watoto wa Ufaransa waifunga hata leo.