Mabondia wa uzito wa juu: kilo, nguvu na ujanja wa kumshika mwenzako

Swali hili huja kila tukitangaza pambano kubwa la masumbwi: Je, Rocky Marciano, aliyestaafu mwaka 1956 akiwa ameshinda mapambano yote 49, angemweza Tyson Fury? Tuanze na mizani. Marciano alipanda ulingoni akiwa na kilo 85 hivi. Fury alipompiga Deontay Wilder Februari 2020 alikuwa na kilo 124. Kwa madaraja ya leo Marciano angepangwa daraja la chini yake, maana uzito wa juu unaanzia kilo 90.7.

Hata hivyo, kilo peke yake haipigi ngumi. Tarehe 4 Julai 1919, huko Toledo, Marekani, Jack Dempsey mwenye kilo 85 alimkabili bingwa Jess Willard, aliyekuwa na kilo 111 na urefu wa karibu mita 2. Willard alidondoshwa mara 7 katika raundi ya kwanza, na baada ya raundi ya 3 hakuendelea. Ila msikilizaji ajue jambo moja: siku hizo Dempsey aliruhusiwa kusimama palepale juu ya mtu aliyeanguka, akisubiri ainue magoti ampige tena. Baadaye ikawekwa kanuni ya kwenda kwenye kona ya mbali kwanza. Mwaka 1927, Chicago, Dempsey huyohuyo alichelewa kwenda kona alipomdondosha Gene Tunney. Mwamuzi akachelewa kuanza kuhesabu, Tunney akapata sekunde za ziada za kupumua, kisha akashinda kwa pointi.

Ukirudi nyuma zaidi, wakati wa kupigana bila glovu, kumwinua mwenzako na kumbwaga chini lilikuwa jambo halali. Pambano la mwisho la ubingwa la namna hiyo, kati ya John L. Sullivan na Jake Kilrain mwaka 1889, lilikwenda raundi 75.

Hila inayowafaa zaidi watu wakubwa ni kushika na kuegemea. Ukitaka kuielewa, fikiria umebeba gunia la mahindi shingoni, unashushiwa, unapiga hatua mbili, unatwishwa tena. Miguu huisha kabla ya mikono. Kinshasa, Oktoba 1974, wengi hukumbuka Muhammad Ali alivyojilaza kwenye kamba huku George Foreman akipiga hadi kuchoka. Wachache hutaja kwamba kila walipokaribiana Ali alimkamata shingo na kuivuta chini. Foreman alikuwa na nguvu zaidi, hilo halina ubishi, lakini kufika raundi ya 8 nguvu hizo zilikuwa zimekwisha.

Wladimir Klitschko, mwenye sentimita 198, aliigeuza hila hiyo kuwa kazi ya kila siku: ngumi ya kushoto iliyonyooka, kisha kukumbatia na kulalia. Dhidi ya Alexander Povetkin, Moscow mwaka 2013, alizidisha mpaka akakatwa pointi, na bado akashinda. Kwa maoni yangu mwamuzi alichelewa mno. Fury naye alimlalia Wilder vivyo hivyo mwaka 2020, na naye akakatwa pointi.

Vichwa navyo hutumika. Mwaka 1997 Mike Tyson alilalamika kwamba Evander Holyfield anampiga kichwa, kisha akamng'ata masikio, akaondolewa pambanoni na kutozwa faini ya dola milioni 3. Lalamiko lake lilikuwa na msingi, maana alikuwa amechanika juu ya jicho, lakini meno si jibu.

Dawa ya jitu ni miguu. David Haye alimzunguka Nikolai Valuev, mwenye sentimita 213 na kilo 143, akampokonya mkanda kwa pointi Novemba 2009. Oleksandr Usyk, aliyetoka daraja la chini, alimshinda Fury Riyadh Mei 2024. Fury akarudi Desemba mwaka huohuo akiwa mzito zaidi, kilo 127 dhidi ya 102 za Usyk, akapoteza tena, safari hii majaji wote watatu wakimpa Usyk.